Mkalimani na Neno "Mimi"

Katika kila mji niliopita, na nimepita mingi, sijakosa kumsimulia mtu habari za mwanamke wa mtaani kwetu ambaye kazi yake ni kusema "mimi" bila ya kujikusudia yeye. Mwanza walinitazama kwa shaka. Tanga, nilikokuwa nikibeba mizigo, mpishi mmoja alidhani ni kitendawili. Akafikiri, akashindwa, akasema, "Haya, nakupa mji, nipe jibu."

Si kitendawili. Ni mkalimani wa lugha ya ishara katika shule za serikali hapa kisiwani Mombasa, za msingi na za upili, akihama kadiri watoto viziwi anaowatafsiria wanavyohama. Jina lake la kwenye kitambulisho silitaji. Watoto viziwi wenyewe hawalitumii. Wao humwita kwa vidole viwili vinavyorudisha mtandio nyuma ya sikio, kwa kuwa wake hauishi kuteleza, na jina la namna hiyo haliandikiki. Nitamwita kwa kazi yake.

Nilimjua kwa ajili ya Zuhura, binti wa dada yangu, ambaye ni kiziwi tangu homa ya utotoni. Dada anakaa Kuze, Mji wa Kale, na chumba chake cha uani ndicho kituo changu kila nirudipo kutoka huko niendako. Mkalimani ni jirani yake. Mimi sikai mahali, hilo kila mtu kwetu analijua. Lakini kila niliporudi nilimkuta mtoto ameongezeka kimo na mikono yake imeongezeka maneno, na maneno hayo nilijua yametoka mlango gani.

Kwanza niseme habari za mikono. Kwetu mwanamke haendi harusini na mikono mitupu. Wenzake huja na hina ya maua hadi kwenye viwiko, na Mkalimani huja na mikono kama alivyoumbwa. Dada alinihadithia jinsi kungwi mmoja alivyomshika kiganja mbele ya watu, akakipindua juu chini, akauliza kwa sauti ya kufika jikoni:

"Kwani mwenzetu uko edda, nasi hatukuambiwa?"

"Edda ya nani, na mume wangu nimemwacha barazani yuko kwenye sahani ya pili ya biriani?"

Kisha akainua buibui kidogo, akaonyesha miguu. Hina ilikuwa imejaa tele, maua yamepanda mpaka juu ya vifundo.

"Ya mikono nimeiacha kwa ajili ya watoto," akasema. "Mtoto akitazama maua, maneno yatampita."

Buibui lake la kazini ni jeusi lisilo hata kijiwe kimoja. Yakimjia mabuibui ya mapambo kama zawadi, huyabandua mawe ya mikononi kwa wembe, taratibu, huku akimwombea dua aliyemletea. Ukimkuta nyumbani ni mtu mwingine: dera la manjano kali, udi unafuka, redio imewashwa tangu alfajiri kwa sauti ya kuamsha mtaa. Hawezi kimya hata kidogo. Redio hiyo iliwahi kufa, na aliyeifufua ni Zuhura, akiwa bado shule ya msingi. Aliifungua, akachokoa, akafunga, akaweka kiganja juu ya spika, akatabasamu. Alijua imeimba. Tangu siku hiyo kila mtu Kuze alijua Zuhura anataka kusomea umeme. Hakutaka ushonaji wala kitu kingine chochote.

Sasa neno lenyewe. Kiziwi akisema kwa mikono "mimi nina njaa," Mkalimani hasemi "anasema ana njaa." Husema kwa kinywa chake, "Mimi nina njaa." Hiyo ndiyo sheria ya kazi yao. Neno linatoka kwa mwenyewe, na mkalimani ni njia tu. Ni sheria nyepesi kuieleza, lakini katika nchi yetu, ambako mtu akisema mimi huwa amejitaja yeye, inazua mambo.

Siku moja katika somo la historia Zuhura alishikwa na tumbo. Akainua mkono. Mkalimani akasema, kwa sauti ya darasa zima, "Mwalimu, mimi tumbo laniuma, naomba ruhusa niende nyumbani."

Mwalimu akaweka chaki chini. "Pole sana, Bi. Nenda upumzike. Lakini sasa huyu mtoto tutamwachia nani?"

Darasa likaangua kicheko. Mkalimani hakucheka wala hakujieleza. Alikitafsiri kicheko, akayatafsiri maneno ya mwalimu, na Zuhura, huku amejishika tumbo, akacheka hata machozi yakamtoka. Mwalimu aliuliza tena, "Bi, nimesema nenda, mbona hutoki?" Na Mkalimani akafanya afanyavyo siku zote. Akiulizwa yeye jambo lisilo lake, hajibu. Macho huyaweka kwa mtoto, akayaacha hapo, mpaka muulizaji ayafuate mwenyewe.

Kila linalosikika chumbani alilitafsiri. Kunguru juu ya mabati, adhana ya adhuhuri, kikohozi cha mwadhini kabla ya adhana, mwalimu akinong'ona na mwenzake mlangoni kuwa maharagwe ya leo ni yale ya jana. Nilimwambia mengine si ya kumshughulisha mtoto.

"Nani kaniweka mimi kuchagua?" akanijibu. "Wewe husikia hata usilolitaka. Na yeye apate asilolitaka."

Alikuwa na neno jingine, "sijafika." Mikono huchelewa kidogo nyuma ya ulimi. Mwalimu huuliza swali, na kabla mikono haijamaliza, wenye masikio wameshajibu. Basi Mkalimani huinua kiganja: "Mwalimu, bado sijafika." Walimu wengine walikereka, wengine walizoea wakawa wanangoja. Neno likaingia mtaani. Dada akihimizwa atoke upesi, hujibu kutoka ndani, "Bado sijafika!" na mtaa mzima hucheka.

Watu wanaosikia habari zake hudhani alikuwa mkamilifu, naye angewacheka. Masomo hutolewa kwa Kizungu, na siku ya kwanza ya umeme mwalimu wa fizikia alisema shaba ni kondakta mzuri. Mkalimani, bila ya kufikiri, akatia ishara ya kondakta wa matatu, yule apigaye bodi na kudai nauli. Zuhura akaandika kwenye daftari kwa hati nzuri, kisha akauliza, "Shaba yamdai nani?" Ilichukua kipindi kizima kuirudisha. Baadaye wawili hao walikaa barazani wakaunda ishara yao wenyewe, kidole kimoja kikiteleza juu ya mkono hadi begani, na hiyo ndiyo waliyoitumia mpaka mwisho.

Kisa hicho alikihadithia yeye mwenyewe, na kila nikirudi safarini nilikikuta kimenenepa. Safari moja Zuhura alikuwa ameuliza nauli ni kiasi gani. Safari nyingine mwalimu mwenyewe alishuka matatu njiani kwa hasira. Vilevile namna alivyojifunza ishara. Mimi nilipewa hadithi ya fundi cherehani kiziwi wa Kibokoni, dada akapewa ya binamu, na mwenye duka akapewa ya mafunzo ya Nairobi. Nilimkabili.

"Wewe kazini huongezi hata nukta. Huku mbona waongeza?"

Alirudisha mtandio nyuma ya sikio. "Ya watu ni amana, mwanangu. Yangu mwenyewe nayatia nazi nipendavyo."

Hakunizidi miaka mingi, lakini aliniita mwanangu, nami sikuwahi kumkatalia.

Zuhura alipokuwa kidato cha tatu ndipo nilipoiona amana hiyo uzito wake.

Kazi ya Mkalimani ilikuwa ya mkataba wa muhula kwa muhula. Bila yeye Zuhura asingeweza kubaki shuleni pale. Angepelekwa shule ya viziwi ya bweni huko bara, na shule hiyo haikuwa na fizikia. Ilikuwa na ushonaji. Dada alikuwa ameshapigana vita hivyo mara nyingi, na kila muhula ulipokwisha alikuwa hali chakula vizuri mpaka mkataba utiwe sahihi.

Mwalimu wa fizikia alikuwa kijana, mwenye bidii, mwenye kulijua somo lake. Ila alikuwa na mazoea ya kusema huku akiandika, mgongo kwa darasa, mkono ukionyesha waya huu na waya ule aliouchora. Siku moja Zuhura akainua mkono, na Mkalimani akasema kwa sauti iliyo wazi:

"Mimi sielewi, kwa sababu wewe wausomesha ubao, sisi hutusomeshi."

Darasa lililipuka. Mwalimu akageuka, uso umemwiva.

"Bi! Umeletwa hapa kutafsiri, hukuletwa kunikagua!"

Akamtoa nje. Na Mkalimani alipotoka, Zuhura akabaki ndani bila neno.

Dada aliitwa shuleni. Shemeji alikuwa safarini, na kwa bahati mimi nilikuwa pale kwa dada, nikaenda naye kama mjomba. Ofisini tulikuwa mwalimu mkuu, yule wa fizikia, dada, mimi, Zuhura, na Mkalimani amesimama mahali ambapo Zuhura anamwona. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mpole, mnene, mpenda suluhu. Alitusabahi vizuri, akauliza hali za nyumbani, akamaliza salamu zote kama inavyotakiwa. Kisha akainama mbele, akapunguza sauti.

"Bi Mkalimani, mimi sitaki makuu. Mwalimu amevunjiwa heshima mbele ya wanafunzi. Lakini najua kazi yako ni ngumu. Wewe niambie kitu kimoja tu: mtoto alisema neno jingine, nawe ulimi ukateleza. Basi. Mwalimu atasamehe, mkataba utaendelea, mtoto atasoma. Yamekwisha."

Ulikuwa mlango mpana kabisa. Dada alinikamata kifundo cha mkono akanibana. "Sema, mwenzangu," akanong'ona. "Sema tu."

Nami, niwe mkweli, niliomba moyoni aseme.

Ndipo nilipoona mikono inakwenda. Ilikuwa ikienda tangu neno la kwanza. Yale ya mwalimu mkuu ya chinichini, yote, alikuwa akiyamwaga kwa Zuhura. Kisha akaleta na ya dada: sema, mwenzangu, sema tu.

Mwalimu mkuu akashtuka. "Hayo nimekwambia wewe!"

Na mikono ikasema hayo nayo.

Zuhura alisoma mpaka mwisho. Kisha akasimama. Alikuwa na umri wa kuwa na aibu ya kila kitu, na aibu niliiona, lakini mikono aliinua. Mkalimani akaanza kusema, kwa sauti ile ile isiyo ya mtu yeyote.

"Mimi ndiye niliyesema. Neno ni langu, msimpe mtu mwingine. Mwalimu, nakuomba radhi kwa kuwa nilikwambia mbele ya darasa wakakucheka. Hapo nilikosa. Lakini neno silirudishi. Wenzangu wana masikio na macho. Sauti yako waisikia, na ubao wauona. Mimi nina macho peke yake. Nikitazama mikono, ubao wanipita. Nikitazama ubao, mikono yanipita. Nawe ukitupa mgongo, hata midomo yako siioni. Ukisema kwanza, kisha ukaonyesha, nitapata. Mimi nataka umeme. Bara nitafundishwa kushona, na sindano siipendi."

Mwalimu wa fizikia alimtazama Mkalimani. "Bi, haya ni yako au ni yake?"

Hakujibiwa. Mkalimani alikuwa ameyaweka macho yake kwa Zuhura. Nilitaka kusema mimi, kwa kuwa kinywa kilikuwa chaniwasha, lakini dada alinibana tena. Tukangoja. Kijana yule akakunja uso, akayafuata yale macho polepole, mpaka akamfikia mtoto. Nadhani ndiyo mara yake ya kwanza kumtazama kwa muda wote huo.

"Ni wewe?" akamuuliza, kwa sauti kubwa ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara.

Zuhura hakungoja mikono. Aliisoma midomo, akajipiga kidole kifuani.

Mwalimu akashusha pumzi. Kisha akacheka, kicheko kidogo cha kujicheka. "Basi muhula mzima nimegombana na mtu siye! Mdomo anao huyu mtoto, kumbe."

Hayo yakatafsiriwa, na jibu likaja: "Ahsante, mwalimu."

Mwalimu mkuu alikuwa anajifuta jasho. Labda kwa kutaka kuyapoza mambo, akauliza, "Na mimi je? Kwa hiyo mikono yenu mimi naitwa nani?"

Zuhura akasita, akamtazama mama yake, kisha akapitisha kiganja mbele ya tumbo lake kwa mviringo mpana. Mkataba ulikuwa mezani, haujatiwa sahihi. Nikasema moyoni, hapa atapunguza, hapa lazima.

"Mwenye tumbo," akasema Mkalimani, kama mtu asomaye rejista.

Mwalimu mkuu akalitazama tumbo lake kana kwamba ndio kwanza analetewa habari zake. Kisha akacheka hata kiti kikalia, akavuta karatasi, akatia sahihi. "Haya. Mwenye tumbo ameridhia."

Tulipotoka nje, nyuma ya jengo, Mkalimani aliegemea ukuta akafumba macho. 

"Wallahi nilitaka kusema uongo," akaniambia. "Ulikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi."

"Mbona hukusema?"

"Mtoto alikuwa chumbani." Akafumbua macho. "Angekuwa nje, Mungu ajua."

Dada alikuwa amekwenda kumkumbatia Zuhura, akilia na kumgombeza kwa pamoja, na mwenye kulia na kugombeza kwa mikono hana mkono wa kujifutia machozi. Tulimcheka njia nzima hadi nyumbani.

Yule kijana wa fizikia alijifunza kusema kisha kunyamaza, kunyamaza kisha kuonyesha. Wanafunzi wengine waliniambia hata wao walianza kumwelewa. Mkataba ulitiwa sahihi muhula baada ya muhula mpaka kidato cha nne kikaisha. Mimi siku ya matokeo nilikuwa Moshi, nikapigiwa simu na dada, na sikuelewa hata neno kwa vigelegele. Nilikata simu nikawatangazia watu wa kibanda cha chai nisiowajua.

Mwaka huu nimerudi tena. Zuhura sasa yuko chuo cha ufundi, kule karibu na Buxton, anasomea umeme, na huko ana mkalimani mwingine, msichana kijana. Mkalimani wetu amepokea watoto wadogo wa shule ya msingi, ameanza upya. Nilimkuta asubuhi moja ya likizo kwenye Barabara ya Digo, amesimama nje ya duka la vifaa vya umeme, mikono ameificha ndani ya buibui kama mwenye baridi, na jua lilikuwa kali la kuyeyusha lami.

"Sabalkheri. Wangoja nani?"

Akanionyesha ndani kwa kidevu. Zuhura alikuwa mbele ya meza ya duka, na mwenye duka, mzee wa Kihindi, alikuwa ametandaza waya za kila rangi. Zuhura amechora anachokitaka juu ya kipande cha boksi. Mzee akampa waya. Zuhura akaupima kwa vidole, akaurudisha. Ni mwembamba. Mzee akaleta mwingine, akapandisha mabega, akapiga mkono kifuani, akaapa kwa Mungu wake. Zuhura naye akapandisha mabega, akapiga kifua, akaapa vivyo hivyo. Mzee akamwona Mkalimani mlangoni.

"Bi! Ingia bwana, niambie huyu mtoto ataka nini!"

"Muulize mwenyewe, yuko mbele yako," akajibu Mkalimani.

Nikamwambia, "Huendi kumsaidia?"

"Hajaniita."

Lakini niliona chini ya kitambaa cheusi vidole vinachezacheza, havitulii.

Mzee akapanda ngazi, akashuka na roli nene ya waya kutoka rafu ya juu, akaiweka mezani kwa kishindo. Zuhura akaipima, akaitikia kwa kichwa. Wakaagana kwa kupeana mikono kama watu waliofanya biashara miaka. Alipotoka nje na kumwona aliyemngoja, akanitupia mimi ile roli niishike, ili mikono yake iwe huru, na mikono ikaruka. Mkalimani akatoa yake. Wakasemezana, wakacheka, Mkalimani akajishika kiuno kwa kucheka.

"Asemaje?" nikauliza.

"Ya ndani hayo," akanijibu, na hakuongeza neno.

Wakashika njia ya Buxton. Watu wanaozungumza kwa mikono lazima waonane uso, basi walikwenda upandeupande, wakiijaza njia yote ya miguu, wapita njia wakishuka barabarani kuwakwepa. Nyuma yao mwenye mkokoteni wa maji alikuwa akipiga kelele, "Njia! Njia jamani!" Mmoja hakuweza kumsikia, na mwingine hakutaka.

Mwenye mkokoteni akanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa karibu, na roli ya waya begani.

"Bwana, hawa ni nani?"

"Huyo mdogo ni fundi umeme," nikamwambia. "Na huyo mkubwa ni Mkalimani. Ni watu wangu. Wapishe."

Akawatazama, akazungusha mkokoteni hadi katikati ya barabara, magari yakimpigia honi, akawapisha.